Samaki Hawali Wakati wa Tangambili: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadili Chambo

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba inapokaribia kati, wavuvi wa mshipi wa Dar es Salaam huwa na lalamiko moja. Upepo wa kusi uliowafunga ufukweni kwa miezi mingi umelegea, bahari imekuwa shwari kiasi kwamba hata ngalawa ndogo inaweza kwenda mbali, jua linawaka vizuri, na bado wanarudi jioni wakiwa na tenga jepesi. Kipindi hiki wazee wa pwani walikigawa vizuri zamani: kwanza huja demani, wakati kusi inapopungua nguvu, kisha hufuata tangambili, wakati upepo hauna mwelekeo mmoja na chombo cha tanga kinaweza kwenda juu au kushuka kwa siku ileile, na hatimaye kaskazi hushika.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayevua kwa mshipi wa mkono au fimbo, kwa boti ndogo, ngalawa au mtumbwi, kati ya Kunduchi na Mjimwema na maji yanayozunguka hapo. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu mvuvi akiwa baharini hajui chanzo cha tatizo lake; anajua tu kile anachokiona mwishoni mwa mshipi. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko jingine lolote ni kuanza na chambo. Samaki wasipokula, mtu huacha dagaa akatia ngisi, akaacha ngisi akatia kamba, na saa tatu nzima zikapita bila yeye kuuliza kama maji yaliyo chini yake yanatembea. Uchunguzi wangu hufuata mpangilio huu: kwanza maji, pili mahali, tatu kina, nne mshipi na ndoana, na mwisho kabisa chambo. Tena hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu mtu akibadilisha vitatu kwa pamoja na samaki wakaanza kula, hatajua ni kipi kilichomsaidia, na kesho yake atakuwa palepale alipoanzia.

Mshipi haugongwi kabisa

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote. Umeshusha mshipi, chubwi, yaani kizito cha kuuzamisha, limegusa chini, umelipandisha kidogo, na nusu saa inapita pasipo hata mdono mmoja wa samaki kugusa chambo. Kabla ya kufanya lolote, tazama kamba ya nanga pale inapoingia majini. Ikiwa imekaza na maji yanaweka kijistari pembeni mwake kama kijito kinavyopita kwenye mti, maji yanatembea. Ikiwa imelegea, na vipande vya mwani vinaelea karibu nawe bila kwenda popote, maji yamelala, na hapo umepata chanzo kinachowezekana zaidi kuliko vingine.

Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kipindi cha kujaa au kupwa huchukua takribani saa sita. Maji hayatembei kwa kasi moja katika saa hizo sita. Saa ya kwanza yanaanza polepole, saa ya pili yanaongeza mwendo, saa ya tatu na ya nne peke yake huhamisha karibu nusu ya maji yote, kisha mwendo hupungua hadi kusimama. Samaki wengi wa mwambani, changu na chewa wakiwemo, hungojea chakula kiletwe na mkondo, kwa hiyo anayeshusha mshipi wakati maji yamesimama anawaomba wale wakati ambao hakuna kinachowafikia. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri, na tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Siku za maji mafu, zinazoangukia katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua sana, mkondo unakuwa dhaifu, na muda wa maji kulala unakuwa mrefu.

Wakati wa kusi upungufu huu haujitokezi wazi, kwa sababu mawimbi na upepo hukoroga maji hata mkondo wa kujaa na kupwa unapokuwa mdogo. Demani inapoingia, mkorogo huo huondoka, na mvuvi aliyezoea kupata samaki saa yoyote anajikuta akitegemea mkondo peke yake bila kujua. Ndiyo maana huona kana kwamba samaki wamehama, ilhali kilichohama ni saa yao ya kula.

Lilinipata jambo hili mimi mwenyewe. Mwezi mmoja wa Oktoba nilitoka Kunduchi na wenzangu wawili kwa boti ya faiba, tukatia nanga juu ya mwamba tuliokuwa tukiuamini, tukakaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5. Tulikuwa na aina tatu za chambo, na zote tatu tulizimaliza kwa kuzibadilishabadilisha. Hatua kama mia mbili kutoka kwetu alikuwapo mzee mmoja katika ngalawa, na kila baada ya muda tulimwona akivuta changu. Tulipompungia mkono alituita, akasema, "Wanangu, hapo mlipo maji yamelala. Sogeeni huku mlangoni, bado yanatembea." Ilikuwa siku ya maji mafu. Mwambani palipo wazi hapakuwa na mkondo, lakini katika uwazi kati ya miamba miwili, ambamo maji hubanwa, mkondo mdogo uliobaki ulikuwa bado una nguvu ya kutosha. Tulipata samaki tisa katika saa moja iliyofuata, kwa mabaki ya chambo kilekile tulichokuwa tumekilaumu.

Tiba ya chanzo hiki, basi, ni moja kati ya mbili: kungoja saa ya tatu ya kujaa au kupwa, au kuhamia mahali maji yanapobanwa, kama vile milango kati ya mafungu, ncha za miamba na kingo zinazotazama kina kirefu. Ninaposema kuhamia, sikusudii kuingia ndani ya mipaka ya hifadhi za bahari zinazozunguka Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Maeneo hayo yamelindwa kisheria tangu 1975, uvuvi hauruhusiwi humo, na samaki wanaokua humo ndio wanaotoka kuja kwenye mishipi yetu nje ya mipaka.

Ikiwa maji yanatembea vizuri na bado hakuna kinachogonga, chunguza mahali na kina. Maji yanapojaa, samaki wengi hupanda juu ya mwamba kutafuta chakula katika sehemu ambazo saa chache kabla zilikuwa karibu kukauka. Yanapopwa, hurudi kwenye ukingo na kukaa pale chakula kinapobwagwa. Aliyetia nanga juu ya mwamba wakati wa kupwa amekaa chumba ambacho wenyeji wamekwisha kutoka. Tena mkondo ukigeuka, samaki nao hugeuza upande wa mwamba wanaokaa, na boti inapaswa kuwafuata.

Kuhusu kina, kumbuka kwamba joto la maji ya juu pwani kwetu huwa karibu nyuzi 25 za selsiasi mnamo Agosti, kisha hupanda hadi kukaribia nyuzi 30 kufikia Machi. Katika tangambili jua ni kali na upepo ni mdogo, kwa hiyo tabaka la juu hupata joto bila kuchanganyika na la chini, na kufikia saa 5 au 6 mchana sehemu zenye kina kifupi huwa za moto na zenye mwanga mkali. Samaki walioonekana pima tano asubuhi huwa wameshuka. Jaribio ni rahisi: shusheni mishipi miwili kwa pamoja, mmoja chubwi likiwa chini kabisa na mwingine ukiwa katikati ya maji, huku mkihesabu pima kwa kunyoosha mikono wakati wa kuushusha. Unaogongwa ndio unaowaambia mahali pa kuweka mishipi yote. Changu wa aina kadhaa hula zaidi usiku, kwa hiyo mtu ambaye mchana umemshinda siku tatu mfululizo angefanya vizuri kujaribu kuanzia magharibi hadi saa 4 usiku kabla ya kukata tamaa na eneo zima.

Mafunzo ya video za ughaibuni hayafanyi kazi

Naliweka hili hapa kwa kuwa vijana wengi wanaonunua fimbo na vidanganyio, yaani chambo bandia, mjini wamejifunza kupitia video za Marekani, na nyingi kati ya hizo zinahusu samaki wa maji baridi aitwaye besi, anayevuliwa maziwani wakati wa vuli yao, miezi ileile ya Septemba hadi Novemba. Mafunzo hayo ni sahihi kwa maziwa yale. Huko, hewa inapopoa, maji ya juu ya ziwa hupoa hadi yakawa na uzito sawa na ya chini, kisha upepo huyageuza yote, na maji ya sakafuni yenye oksijeni kidogo hupanda juu. Vidagaa vya ziwani huingia kwenye vijito na ghuba, na besi huwafuata huko. Ndiyo maana mwalimu wa video huwaambia watu waende ndani kabisa ya vijito.

Kwetu miezi hiyohiyo maji hayapoi, yanapata joto. Hayageuki, yanatulia na kujitenga kwa matabaka baada ya kukorogwa na kusi kwa miezi mitano au sita. Anayefuata fundisho lile neno kwa neno ataingia kwenye mkono wa mto au mikoko wakati ambao mvua za vuli zinaanza kuleta tope humo. Jambo moja tu katika mafunzo hayo linavuka bahari likiwa zima, nalo ni hili: katika mabadiliko ya majira, tafuta kwanza samaki wadogo, kwa kuwa wakubwa wanawafuata wao. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, simama karibu na waparuaji samaki, na uombe kwa adabu kutazama matumbo ya kolekole na nguru waliovuliwa usiku huo. Ukikuta dagaa wa urefu wa kidole kidogo, ambao bado magamba yao yanang'aa, unajua ukubwa wa chambo utakachohitaji. Ukikuta ngisi wadogo au kamba, unajua hivyo pia. Dakika kumi pale zina thamani kuliko jioni nzima ya kutazama video.

Chambo kinaliwa lakini samaki hanasi

Dalili hii ina faida kubwa, kwa sababu inakuthibitishia kwamba maji, mahali na kina viko sawa. Tatizo liko katika nusu mita ya mwisho ya mshipi wako. Usitie chambo kipya na kushusha tena mara moja. Vuta mshipi baada ya mdono wa kwanza tu, kiweke chambo kiganjani na ukisome.

Chambo kilichomegwa kingo zake kidogokidogo, kama mkate uliotafunwa na panya, kimeliwa na samaki wadogo wenye vinywa vidogo, na kikande ni miongoni mwa wakorofi wakubwa. Ndoana yako ni kubwa kupita kinywa chao. Amua kama unawataka: ukiwataka, punguza ndoana, ukikumbuka kwamba katika ndoana za kawaida namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, usipowataka, hama pima kadhaa kutoka mwambani, kwa sababu hutawashinda kwa wingi wao. Chambo cha samaki mzima kilichokatwa nusu kwa mkato safi, kichwa kikabaki kwenye ndoana, kimekatwa na nguru au mzia, na kinachohitajika ni ndoana ya pili iliyofungwa nyuma karibu na mkia. Usiku, dagaa aliyeliwa nyuma ya kichwa hadi mfupa ukaonekana, huku sehemu nyingine ikiwa nzima, ameliwa na ngisi. Hapo badilisha mtego kabisa, kwani ngisi hanaswi vizuri kwa ndoana ya kawaida. Na ndoana ikirudi tupu kila mara bila wewe kuhisi chochote mkononi, ama chambo ni laini mno kikadondoka chenyewe wakati wa kushuka, ama mshipi wako umelegea.

Ulaini wa chambo ni tatizo la majira haya hasa, kwa kuwa joto linaongezeka na dagaa walioachwa juani ndani ya ndoo hulainika upesi. Watie chumvi tangu usiku, uwatandaze katika chombo kilichofunikwa, na asubuhi watakuwa wamekaza nyama. Kwa ngisi, kata ukanda wa urefu wa kidole cha kati na upana wa kidole kidogo, uchome ndoana mara mbili upande wenye ngozi, kisha chukua uzi mwembamba wa kushonea, uzungushe mara tatu juu ya mahali ndoana inapoingia, na uukaze kwa kuubana chini ya kidole gumba huku ukiukata kwa meno. Hauhitaji fundo, uzi ukilowa hujibana wenyewe. Ncha ya ndoana ibaki nje. Nimeona watu wakiifukia ndani ya nyama kwa kuogopa samaki ataiona, na samaki anakula nyama yote pasipo ncha kumgusa.

Mshipi kulegea ni suala linalohusiana na upepo na mkondo, na linastahili kutazamwa peke yake.

Chubwi halitulii, mshipi unaingia chini ya chombo

Nje ya visiwa, mkondo mkuu wa bahari wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo nao unasukuma upande huohuo, kwa hiyo chombo kilichotia nanga hulala kikielekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kusini, na mishipi yote hutoka nyuma yake ikiwa imenyooka. Mvuvi huzoea mpangilio huu hata akadhani ndio kawaida ya bahari. Kaskazi inapoanza kupiga, upepo unatoka kaskazini na kukisukuma chombo kusini, lakini mkondo bado unakwenda kaskazini. Chombo kinaelekeza omo upande upepo unakotoka, na mshipi uliotupwa nyuma unarudishwa chini ya chombo kuelekea kamba ya nanga. Hapo mishipi inasokotana, chubwi linaburutwa, na tumbo la mshipi linalojitokeza kati ya mkono na ndoana linameza kila mdono. Mawimbi nayo yanakuwa mafupi na yenye ncha, kwa sababu upepo unapingana na maji.

Wengi hujibu kwa kuongeza uzito wa chubwi. Hilo husaidia kiasi, lakini chubwi zito kupita kiasi linaua hisia ya mkono, na halitatui msokotano. Ninaloliona kuwa bora ni kuacha nanga na kukiachia chombo kielee, mkitupa mishipi upande upepo unakotoka, kwani chombo kinasukumwa kikiiacha mishipi nyuma na hivyo kuinyoosha. Kwa kuwa upepo na mkondo vinashindana, mwendo wa kuelea huwa wa polepole, na mnapita juu ya ukingo wa mwamba kwa utulivu, mkirudia njia ileile pale mlipogongwa. Ikiwa ni lazima kutia nanga, tieni kwenye mchanga kando ya mwamba, si juu yake, na mtoe nanga ya pili ndogo kutoka tezini, nyuma ya chombo, ili chombo kisiyumbe. Mkiona wingu jeusi limejikusanya na upepo ukakatika ghafla, pandisheni nanga kabla ya kitu kingine chochote. Upepo wa tangambili hubadilika kwa dakika chache, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapaswa kusomwa kabla ya kushusha chombo majini, siyo baada ya kurudi.

Samaki wanarukaruka juu lakini hawataki chochote

Bahari inapotulia, makundi ya sehewa na kolekole huonekana waziwazi, maji yakichemka, shakwe wakipiga mbizi juu yao, na mvuvi anayeelekeza boti moja kwa moja katikati ya kundi hulikuta limezama na kuibuka mbali. Chanzo cha kwanza ni mashine. Zungukeni kundi kwa mbali, mfike mbele yake upande upepo unakotoka, mzime mashine na muuache upepo uwafikishe. Chanzo cha pili ni ukubwa wa chambo: samaki anayekula vidagaa vya kidole kidogo hupuuza kipande cha nyama cha kiganja. Kata ukanda mwembamba wa ngozi nyeupe ya tumbo la samaki, uuchonge uwe na mkia, na uupitishe kasi. Wanaorambaza, yaani wanaokokota chambo nyuma ya boti, huenda polepole mno kwa samaki hawa. Mwendo wa mtu anayekimbia taratibu ndio unaofaa, na chambo kiwe mbali na mapovu ya mashine, kwenye ukingo wa kundi kuliko ndani yake.

Samaki ananasa kisha mshipi unakatika

Usiutupe mwisho wa mshipi uliokatika kwa hasira. Uweke juu ya ukucha wa kidole gumba na uutazame kwenye mwanga. Ukiwa umekatika kwa mkato safi ulionyooka, ni meno: nguru, mzia, au bunju, ambaye hukata hata ndoana ndogo. Weka waya mwembamba wa shibiri moja na nusu juu ya ndoana, lakini uuweke tu kama umeona mkato wa namna hiyo, kwa sababu waya huonekana na changu huukwepa. Ukiwa umechanika wenye nyuzinyuzi na mikwaruzo juu yake, ni mwamba, au ni mshipi wa mwaka jana uliokaa juani; pitisha pima mbili za mwisho kati ya vidole, na popote ukihisi ukavu au kovu, kata. Ukiwa umejisokota kama springi, mshipi haukukatika kabisa, bali fundo lilifunguka. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano na kupoteza nguvu papo hapo, hata kama macho hayaoni.

Hapa kuna mvutano ambao tangambili huuleta na ambao hauna jibu la moja kwa moja. Mchanga uliotifuliwa na kusi hutua, maji yanakuwa maangavu, na mshipi mnene uliofaa mwezi Julai sasa unaonekana waziwazi na samaki. Ukipunguza unene unapata midono mingi zaidi na kukatikiwa zaidi. Mimi huacha mshipi mkuu uwe mnene uleule, nikafunga pima moja ya mshipi mwembamba kati yake na ndoana, na samaki mkubwa akinasa ninamwachia akimbie badala ya kumkatalia mkononi, nikiwa nimevalisha kidole kipande cha mpira wa tyubu. Nakubali kwamba nguru wawili watatu kwa msimu watanipita kwa njia hiyo.

Mvua imenyesha na maji yamegeuka rangi

Mvua za vuli zikishuka, Mto Msimbazi na mito midogo ya kaskazini mwa jiji hutoa maji ya kahawia yanayotapakaa baharini pamoja na takataka nyingi za plastiki. Maji ya mto, kwa kuwa hayana chumvi, huelea juu ya maji ya bahari, kwa hiyo rangi ya juu inaweza kukudanganya kuhusu hali ya chini. Chukua kipande cha sahani nyeupe, kifunge kwenye mshipi wenye chubwi, kishushe taratibu na uhesabu ni pima ngapi kinapotea machoni. Kikipotea kabla ya nusu pima, usipoteze muda, ondoka. Kikionekana hadi pima moja na nusu au mbili, bado pana matumaini, hasa kwa chambo chenye harufu kali kama ngisi au samaki aliyetiwa chumvi, kwa kuwa hapo samaki hutumia pua zaidi ya macho. Mahali bora kuliko pote ni kwenye mstari ambapo kahawia inakutana na buluu. Mbweni au Upanga, baada ya mvua, mstari huo unaweza kuonekana kama umechorwa, na kolekole huzunguka upande wa maji safi wakingoja vidagaa vinavyotoka kwenye tope.

Wiki iliyopita walikula, wiki hii hawali

Hili huwapata zaidi wanaovua mwisho wa juma tu, wafanyakazi wa mjini ambao Jumamosi ndiyo siku yao pekee. Jumamosi moja wanapata samaki wengi mahali fulani, wanarudi Jumamosi inayofuata saa ileile, mahali palepale, kwa chambo kilekile, na hawapati kitu. Wanahitimisha kwamba kuna mtu amepavua pakaisha.

Saa ya kujaa maji husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku, na katika siku saba msogeo huo hukaribia saa sita. Maana yake ni kwamba ikiwa Jumamosi ya kwanza ilikuwa bamvua, maji yakiwa yamekupwa saa 4 asubuhi na kujaa hadi saa 10, basi Jumamosi ya pili ni maji mafu, saa 4 maji yamejaa, na mchana wote yanapwa polepole. Mahali ni palepale na saa ni ileile, lakini maji ni kinyume kabisa, kwa nguvu na kwa mwelekeo. Linganisha Jumamosi ya kwanza na ya tatu, siyo ya kwanza na ya pili. Weka daftari dogo ndani ya mfuko wa plastiki, na kila unapovuta samaki andika tarehe ya mwezi wa angani, saa, kama maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, upepo ulitoka wapi, na alinasa pima ngapi. Kufikia kaskazi inaposhika utakuwa na kurasa za kutosha kujua ni mlango upi unaofaa siku ya bamvua na ni mwamba upi unaofaa siku za maji mafu, na Jumamosi ambayo kurasa zako zinakuonyesha maji yatakuwa yamelala asubuhi yote, utaondoka nyumbani saa 8 mchana.